Kidonge Hakitangulii Chakula

Mume wangu alikuwa mtu wa ng'ombe, mimi binti wa migombani. Nilizaliwa kijiji cha Ndama, katika nyumba iliyozingirwa na migomba na mibuni hata mvua ikianza ulisikia majani kabla ya kusikia bati. Aliponioa alinipeleka ng'ambo ya Kituntu, penye nyasi mpaka macho yachoke. Miezi ya kwanza nililia kwa kukosa kivuli. Baadaye nikapanda migomba yangu nyuma ya nyumba kwa samadi ya zizi lake, ikastawi kuliko ya baba yangu, na tangu hapo sikulilia kwetu tena.

Alikula kama wachungaji wenzake walivyokula. Alfajiri anakunywa maziwa kutoka kwenye kibuyu akiwa amesimama, anachukua fimbo, anatoka na ng'ombe. Chakula chenyewe hadi jioni. Na jioni alikula sebuleni, na mgeni wa kiume kama yupo, peke yake kama hayupo. Mimi na watoto tulikula jikoni. Sikuona ubaya wowote, maana ndivyo nilivyowakuta wazazi wangu wakiishi.

Kiu ndiyo iliyotangulia. Mtungi uliokuwa ukitutosha nyumba nzima siku mbili, yeye aliumaliza siku moja. Akawa haachi kwenda haja ndogo, na nyuma ya zizi, mahali alipozoea kusimama, nikaona sisimizi wamejipanga mstari kana kwamba kuna mtu amemwaga asali. Kisha akaanza kukonda. Suruali ikafungwa kwa kamba ya katani. Shati likamning'inia mabegani kama limeanikwa.

Ilikuwa ile miaka ya themanini, na katika mkoa wetu mtu akikonda watu walinyamaza. Kila mmoja alijua walichokuwa wakinyamazia. Tulikuwa tumezika majirani, vijana wenye nguvu zao, waliopungua hivyohivyo hadi wakaisha. Kanisani nikaona wanawake wakinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kama wangenisengenya. Nikitwanga au nikipalilia nilikuwa nikiwaza: akienda yeye, nami nitafuata, na hawa watoto wanne nitamwachia nani? Sikumwambia neno. Naye hakuniambia neno.

Mwishowe nilimwambia, "Mzee, twende hospitali. Hata kama ni hilo, tulijue."

Hakuniuliza hilo ni lipi. Alisema tu, "Haya."

Tulitembea hadi barabarani, tukapata lori la kahawa, tukashuka Bugene na kumalizia kwa miguu. Hospitalini alitupokea tabibu mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza mume wangu, akamwuliza juu ya kiu, akampa kichupa akaweke mkojo. Kisha mbele ya macho yetu akatia matone machache katika dawa ya rangi ya buluu iliyokuwa kwenye kineli cha kioo, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Ile buluu ikageuka kijani, ikawa njano, ikaishia kuwa nyekundu kama tofali.

"Baba," alisema, "una ugonjwa wa kisukari."

Nikacheka. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yule mama akavua miwani akanitazama. Nadhani alielewa, kwa sababu hakunikemea. Alinishika bega, akasema taratibu, "Huu hauponi, mama. Lakini mtu huishi nao. Sasa futa machozi unisikilize vizuri, kwa sababu dawa hii nakupa wewe kama ninavyompa yeye."

Alifungua kopo, akahesabu vidonge vyeupe, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki. Dawa ilikuwa na jina refu nisiloweza kulitamka. Akasema kimoja kila asubuhi, pamoja na chakula. Asipokula, asimeze. Akisahau leo, kesho asimeze viwili kufidia. Asimpe mtu mwingine hata kimoja, hata kama mtu huyo anakojoa mpaka alfajiri. Rubisi aache, pombe na dawa hii havipatani. Na akiona anatetemeka, anatoka jasho bila kazi, ana njaa kali au hasira isiyo na sababu, basi sukari imeshuka mno, ale kitu kitamu hapohapo.

Mume wangu akashangaa. "Daktari, mimi naumwa sukari, unaniambia nile kitamu?"

"Dawa inaishusha, baba. Isipopata chakula cha kufanyia kazi, itashusha mpaka kile kidogo unachokihitaji. Mama, hebu rudia niliyoyasema."

Nikarudia. Nilikuwa nimesoma kisomo cha watu wazima, kwa hiyo alinipa pia kalamu nikaandika mwenyewe juu ya bahasha: Asubuhi, na chakula.

Nyumbani nilianza kumwekea kidonge cha siku kwenye kifuniko cha chupa, pembeni ya sahani ya ndizi na maharage. Yeye aliitazama ile sahani kana kwamba nimemwekea mawe. "Mwanamume anakulaje saa kumi na mbili?" alisema. Alimega vipande viwili, akameza kidonge kwa maziwa, akaondoka. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kiu ikapungua, akalala bila kuamkaamka. Nikapunguza kumwangalia.

Siku ya josho ndipo mambo yalipoharibika. Zamu yetu ya kuogesha ng'ombe ilikuwa ya mapema, na josho lilikuwa mbali, mwendo wa zaidi ya saa moja. Mimi niliamkia kisimani. Niliporudi nikaona sahani imefunikwa kama nilivyoifunika. Nikaifunua. Ndizi zilikuwa nzima, maharage hayajaguswa. Kifuniko cha chupa kilikuwa kitupu.

Nilisimama pale nikihesabu. Kidonge kimo tumboni tangu alfajiri, tumbo halina kitu ila maziwa kidogo, na sasa jua lilikuwa limeshapanda. Nilichukua chupa ya asali, nikakata ndizi mbivu zile fupi ziitwazo kisukari, nikafunga vyote kwenye kanga na kutoka mbio. Njiani sikumwamkia mtu. Baadaye nililaumiwa kwa hilo.

Nilipofika joshoni nilisikia vicheko kabla ya kumwona. Walikuwa wamemkalisha chini, mgongo kwenye uzio, kofia imemwanguka. Shati lake lilikuwa limelowa kana kwamba yeye ndiye aliyeogeshwa. Wachungaji wenzake walinieleza kwamba amemtukana bwana mifugo, amemwita mwizi wa ng'ombe, kisha akaanza kuyumba.

"Mpeleke nyumbani akalale, shemeji," mmoja aliniambia. "Leo rubisi imemzidi."

"Hajanywa rubisi," nilisema. "Ni dawa."

Nilipiga magoti mbele yake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakiniona. "Wewe mwanamke," aliniambia, "ng'ombe wangu umewapeleka wapi?" Tulikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa. Sijui kama nimewahi kusikia maneno yaliyonitia baridi kama yale.

"Wapo. Kunywa kwanza nikuonyeshe."

Nilihakikisha anaweza kumeza, nikampa asali kidogo kidogo kwa kiganja, mkono wangu wa pili nikiwa nimemshika kidevu. Alipigana nami. Alinitemea. Nikampa tena. Watu waliacha kucheka, na bwana mifugo mwenyewe, aliyekuwa ametukanwa, akaja akamshika mikono kwa upole kama anayeshika ndama. Nikammenyea ndizi moja, akala. Akala ya pili. Jasho likaanza kukauka. Akatazama huku na huku, akanitazama mimi, akaona asali ilivyotapakaa kwenye gauni langu.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamka, "umefika saa ngapi?"

Bwana mifugo alitaka tumwinue arudi nyumbani. Nikakataa. Niliwaza kwamba utamu huamsha tu, haushibishi, na kidonge kile kilikuwa bado kazini. Nikauliza nani ana chakula. Mke wa bwana mifugo akaleta ugali na maharage kutoka kwake, mume wangu akala palepale chini, watu wote wakimtazama, hadi sahani ikaisha. Ndipo tukaondoka polepole. Wenzake walitufuata na ng'ombe. Tulipofika nyumbani mume wangu alisema tu, "Sitakimeza tena kile kidonge."

Sikubishana naye. Siku ile nilimlisha kila mara, sikumwacha peke yake, na asubuhi iliyofuata tulikuwa barabarani tukingojea lori.

Tabibu alimpima mkojo tena, akasikiliza yote. Mume wangu alimaliza kwa kusema dawa ile ni sumu.

"Ulikula nini siku hiyo kabla ya kuimeza?"

"Maziwa."

"Kiasi gani?"

Alionyesha kwa vidole. Yule mama hakucheka. Alimwambia, "Baba, leo mkojo wako umeishia kijani, si nyekundu tena. Dawa inakufaa. Kosa ni langu pia. Nilikuambia pamoja na chakula, nawe ukasikia kidonge ukasahau chakula. Sasa nakuambia hivi: kidonge hakitangulii chakula. Kula kwanza, ushibe, ndipo umeze. Na nitakupunguzia, umeze nusu, mpaka tuone." Akatuambia turudi baada ya wiki mbili, akatugawia vidonge vilivyokwisha kukatwa katikati. Mwisho akasema, "Na mfukoni usikose kitu kitamu. Kama sukari ya dukani haipatikani, ndizi zipo."

Sukari ya dukani kweli ilikuwa ya kubahatisha miaka ile. Tangu siku hiyo mume wangu hakutoka na ng'ombe bila kisukari mbili kwenye mfuko wa koti. Wenzake walimtania kwamba anatembea na ugonjwa na dawa yake, vyote jina moja. Alicheka nao.

Asubuhi ya kwanza tuliporudi niliweka sahani mbele yake, nikasimama mlangoni kuhakikisha. Alimega kipande kimoja, akanitazama.

"Utasimama hapo kama askari mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

"Mimi si mtoto wa kulishwa huku natazamwa." Akasogeza mkeka kwa mguu. "Kaa nawe ule. Angalau nisione aibu peke yangu."

Nikakaa. Tulikula sahani moja, kimya, kila mtu akimega upande wake, nami nilikuwa na haya kama bibi harusi. Watoto walichungulia kutoka jikoni wakazibana midomo wasicheke. Tulipomaliza alichukua ile nusu kwenye kifuniko, akanionyesha, akameza.

Kesho yake tulikula tena hivyo. Na kesho kutwa. Baada ya mwezi hakuna aliyechungulia tena. Mtu akiwa na sahani mbele yake lazima aseme kitu, na mume wangu, niliyemjua kwa miaka yote kama mtu wa maneno machache, kumbe alikuwa na hadithi. Alinisimulia juu ya mama yake, aliyevuka mto na ng'ombe watatu na mtoto mgongoni akitokea Rwanda, na huyo mtoto ndiye yeye. Alinieleza tabia ya kila ng'ombe. Asubuhi moja, bila kuinua macho, aliniambia kwamba kipindi kile cha kukonda alikwenda kwa kaka yake kwa siri kumwapisha kwamba akifa, nisifukuzwe kwenye migomba yangu.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ningekuambia saa ngapi? Tulikuwa hatukai."

Hatukuwa na siku nzuri tu. Kuna harusi alionja rubisi kata moja, uso ukawaka, moyo ukamwenda mbio, akaketi pembeni akijipepea hadi sherehe ikaisha. Hakurudia. Kuna siku ng'ombe alikwama kuzaa, akasahau kidonge kabisa, kesho yake akataka kumeza nusu mbili. Nikamwambia ya jana imekwenda na jana, akanuna, akameza ile nusu moja. Jirani mmoja mwenye kiu kama ile yake alikuja kuomba avijaribu vidonge vile. Mume wangu alimkatalia, jirani akaondoka kwa hasira. Asubuhi yake nikamwona mume wangu amevaa koti la safari, anakwenda kumchukua yule jirani ampeleke hospitali mwenyewe.

Miaka ya tisini ilipofika tulikuwa wenyeji pale kliniki. Tabibu yule alikuwa na mvi sasa, na miwani mipya. Siku moja alikuja mzee kutoka upande wa Kyerwa, amefuatana na binti yake, amepewa bahasha yake ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na tabibu alikuwa na foleni hadi nje. Akamwita mume wangu.

"Baba, hebu mweleze mwenzako."

Mume wangu alivuta benchi karibu. Walisalimiana kirefu kwa Kinyambo, wakaulizana habari za ng'ombe na za mvua, nami nikaanza kudhani wamesahau kilichowakutanisha. Kisha akamwuliza yule mzee huwa anakula nini asubuhi. Mzee akasema maziwa. Mume wangu akatikisa kichwa, akamgeukia yule binti.

"Nani anapika kwenu?"

"Mimi, baba."

"Basi wewe kaa hapa katikati yetu, nianze na wewe."