Kitabu cha Kupanda Milima

Lile kabati la vitabu vya kisomo cha watu wazima pale kijijini nalikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa napekua vyote: nyuki, reli, watakatifu, magonjwa ya kuku. Siku moja mume wangu akasema, "Mama watoto, leta kitabu cha kutusaidia shambani, la sivyo jioni utabaki nyumbani, hakuna darasa tena."

Nikachukua cha kupanda milima, nikijua ni kupanda mbegu, maana uwele wetu ulikuwa mlimani. Kukifungua, Wazungu wamefungana kamba wanakwea barafu! Nikamsomea hivyo hivyo, moyoni namwomba Mungu.

Akacheka mpaka machozi. "Sasa, walifika juu?"

"Sijui. Maneno mengine yamenishinda."

"Basi kesho nenda darasani, ukaulize."