Ndoto za Kutunga

Shangazi yangu haoti ndoto. Akilala amelala, hata nyumba ibomolewe. Lakini miaka nenda miaka rudi, kila asubuhi humsimulia mumewe ndoto ndefu za ajabu: mara kavaa viatu vya mtu mwingine, mara anapanda ngazi zisizoisha. Zote huzitunga kwenye cherehani yake, akishona mapazia ya watu. Siri hiyo aliniambia mimi peke yangu.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?" alisema. "Nikimwambia bomba linavuja, ananiitikia mhm. Nikimwambia nimeota bomba linavuja, anaacha hata chai, ananitazama!"

Mumewe, ambaye nyumbani tunamwita Profesa, anafundisha chuo kikuu ile fani ya kuchimbua yaliyojificha akilini mwa mtu. Hualikwa makongamano huku na huko, na shangazi hubaki nyumbani. Safari hii kongamano likafanyika chuoni kwake, basi shangazi akaniburuta twende. Tukakaa nyuma kabisa.

Profesa akaanza kueleza habari za mgonjwa wake mmoja. Kwao ni mwiko mgonjwa kutambulika, kwa hiyo humbadilisha kidogo.

"Ni mjane," alisema, "ana duka la vitambaa. Aliota amevaa viatu vya mtu mwingine."

Shangazi akanifinya paja. "Mjane! Loo! Kajiua mwenyewe, na huku anakunywa maji!"

Nilitaka kucheka, lakini hasira zikanipanda. Yaani mkeo wa ndoa unamfanya mgonjwa mbele ya ukumbi mzima, na watu wanaandika! Kabla sijatulia, Profesa akafunua ukurasa.

"Mgonjwa huyu haoti," akasema. "Ndoto zote anazitunga. Nimejua siku nyingi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi akainama, kaukumbatia mkoba wake. Nilimwonea huruma. Nikamnong'oneza tuondoke zetu, akakataa. Ulipofika wakati wa maswali akanyoosha mkono, dada mmoja akamletea kipaza sauti.

"Samahani, mimi si mtu wa mambo haya," alisema. "Nauliza tu. Huyo mjane, umeshamwambia kwamba unajua?"

Profesa akamwona. Akavua miwani, akaivaa tena, akaivua. Watu wakaanza kukohoa.

"Sijamwambia," alijibu, na sauti haikuwa tena ya jukwaani. "Naogopa. Nikimwambia ataacha kunisimulia, na mimi sijui namna nyingine ya kuzungumza naye."

Mwenyekiti akashukuru kwa swali zuri, akauliza nani mwingine. Shangazi alikuwa bado amesimama, analia waziwazi mbele za watu, na yule dada wa kipaza sauti alimwomba mara mbili akirudishe, wengine nao waulize.