Mtakatifu wa Sebuleni kwa Padre

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi kwetu Kigoma, mimi nilikuwa katekista wa mtaa wa Rusimbi na, Mungu anisamehe, nilijiona bawabu wa kwaya.

Mama mmoja mkimbizi, mjane aliyeuza dagaa mwaloni Katonga, alikuwa na sauti ya kunyamazisha soko zima. Aliomba kuingia kwaya. Nikamkatalia, maana nilisikia kwao alikuwa akiimba kwenye sherehe za pombe.

"Mwalimu, nilivuka na sauti tu," aliniambia. "Nayo niiache nje ya kanisa?"

Nikampa mfano. Sebuleni kwa padre wetu, Mhispania, palitundikwa picha ya mwanamke mwenye shela nyeusi, rozari mkononi, machozi shavuni. Sikuwahi kuuliza ni nani. Nani mwingine angekaa ukutani kwa padre? Kila nilipopita niliinamisha kichwa.

"Mtazame mtakatifu yule wa sebuleni kwa padre," nikamwambia. "Aliishi kimya na kwa sala. Jifunze kwake."

Jumapili, baada ya misa, mama alinifuata hadi kwa padre, akapiga magoti mbele ya picha, akauliza mtakatifu huyu huombwa nini.

Padre alicheka hadi akashika kiti. Kumbe yule wa pichani ni mwimbaji wa nyimbo za asili za kwao Hispania! Alianza utotoni, akiimba kwenye vilabu vya mvinyo ili nyumbani wale. Baadaye akachukuliwa kuigiza sinema, na picha ile ilitoka humo. Hata machozi yalikuwa ya kuigiza. Akazunguka nchi za mbali, akasifiwa, akasengenywa, akazeeka.

"Lakini kila Juma Kuu," padre alisema, "hurudi mtaani kwao kumwimbia Bikira Maria, sanamu yake inapopitishwa kwa maandamano. Siku hiyo analia kweli."

Akaweka kanda ya mwimbaji yule kwenye redio. Sauti ilipanda kama ya mtu anayeita mtumbwi ulio mbali ziwani. Mama alifumba macho, akaifuata taratibu bila maneno, na padre akaacha kucheka.

Kanda ilipokwisha, mama akanigeukia. "Mwalimu, ulisema nijifunze kwake. Ego, ndiyo, nimejifunza. Sasa nianzie vilabuni kama yeye, au nije kanisani moja kwa moja?"

Padre akatazama dirishani. Mimi nikakohoa.

"Mazoezi ni Jumatano, saa kumi," nikasema. "Usichelewe."

Alichelewa, tena ananuka dagaa, na nilikuwa nimemwekea nafasi mstari wa mbele. Namshukuru Mungu kwa kunivumilia. Picha ile niliendelea kuiinamia. Shingo ilikwisha kuzoea.