Glavu za Dawa Kwenye Sufuria la Ukweni

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu mkono umepona, ila aibu yenyewe haijapona hata kidogo, na kuna watu hapa Tukuyu wakikutana nami bado wanaangalia kiganja kwanza ndipo wananisalimia.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha chai, upande wa usafi wa mashine, kule tunakoshika dawa kali ambazo tone moja likikugusa ngozi inachubuka. Tunapewa glavu za mpira, nene, za kijani, zinakaribia kiwiko, na msimamizi wetu kila asubuhi anatuimbia wimbo uleule: "Hizi ni za dawa. Za tanuri ni zile za ngozi. Msichanganye!" Tunaitikia ndiyo, lakini mimi kichwani kwangu glavu ni glavu, maana kitu kinachozuia dawa ya kula ngozi kitashindwaje na moto wa kuni?

Sasa shemeji yangu mdogo akapata kipaimara, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe mama mkwe akanikabidhi jiko. Mnielewe, kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kumenya ndizi na kuosha vyombo, kwa kuwa kule kijijini walishaamua kwamba mke wa Ambakisye ni wa mjini, hawezi kupikia watu. Kwa hiyo lile sufuria la mbalaga (ndizi zetu na nyama, limejaa mpaka ukingoni) kwangu halikuwa chakula tu, lilikuwa hukumu. Nikaona nisiende kizembe, nikatia zile glavu kwenye mkoba.

Na lazima niwaambie kuhusu baba mkwe, maana bila yeye hii ingekuwa ajali ya kawaida. Kwetu Wanyakyusa, wale wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawatazamani, njia moja hawapiti, na mzee huyu ni wa kushika mila kwelikweli. Mimi nilikuwa namjua kwa kikohozi na gambuti zake tu. Akikohoa kule, mimi nazama migombani huku, na hivyo ndivyo tulivyoheshimiana miaka yote hiyo bila neno.

Siku yenyewe mvua (mnaijua ya kwetu) ilinyesha tangu alfajiri ikakatika watu wakitoka kanisani. Wazee na wageni wakakaa upande wa mbele, sisi wanawake tuko nyuma na moshi wetu. Mama mkwe akaniletea maganda makavu ya mgomba ya kushikia sufuria, kama wanavyofanya wote. Nikacheka. Nikatoa glavu zangu nikazivaa taratibu, ili kila mtu aone.

"Gwe, hizo za nini?" mama mkwe akauliza.

"Hizi za kiwandani, mama. Hata tindikali haipiti."

Wifi yangu Tumpe akashika upande mmoja kwa maganda yake, mimi upande wa pili, tukainua, tukaanza kuelekea mbele kwa wageni (mimi ningeishia konani mwa nyumba, nisikutane na mzee). Mwanzo safi kabisa. Mara nikasikia harufu ya mpira unaoungua (nikadhani kandambili ya mtu imeingia motoni), na kabla sijauliza, moto ukanipasua kiganjani! Mpira ulikuwa umelainika, umeng'ang'ania sufuria huku na ngozi yangu kule. Nikapiga yowe, nikaachia. Tumpe akaruka pembeni, sufuria likalala ubavu, na mbalaga yote ikateremka na matope mpaka miguuni kwa wageni, kuku wakawa wa kwanza kukaribishwa.

Ila hata nafasi ya kulilia chakula sikuipata, maana glavu ya mkono wa kulia ilikataa kutoka, kila nikivuta inazidi kunibana, na wanawake wote wamesimama wameshika vichwa. Ndipo mtu akanikamata kiwiko, akanikalisha chini, akapitisha kisu kwenye glavu kutoka juu, akaichana na kuimenya kama ndizi, akauzamisha mkono wangu kwenye ndoo ya maji baridi na kuushikilia humo.

"Tulia, mwanangu. Tulia."

Nikageuka nimshukuru. Nikaona gambuti. Nikapandisha macho, na jamani, nilikuwa natazamana uso kwa uso na baba mkwe!

Nakwambieni, maumivu yaliyeyuka kwa mshtuko, nilitaka ardhi inimeze, nilitaka nikimbie, lakini mkono anao yeye na haachii. Mama mkwe kajiziba mdomo kwa kanga. Mzee mmoja akaanza, "Lakini bwana, huyu ni mkweo..." na baba mkwe hata hakugeuka.

"Mila nitaiomba msamaha mimi. Leteni maji mengine."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Kumbe naye alikuwa ameshtuka kama mimi.

Wageni walikula mikate kwa chai, zahanati wakanifunga kiganja, na mganga akasema bila yale maji hali ingekuwa mbaya zaidi. Nililia njia nzima, na sikuwa nalilia kidonda.

Nilipokwenda tena ukweni, mkono bado umefungwa, mzee alikuwa amerudia mila yake. Akasimama nyuma ya nyumba, mimi mbele, mama mkwe katikati yetu.

"Mwambie asisonge ugali mpaka mkono upone," akasema.

Mama mkwe akanigeukia, akanirudishia maneno yale neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambieni ndaga fijo, ahsante sana," nikasema.

Kwa hiyo nimeapa, glavu ya kiwandani haitatoka tena getini mikononi mwangu, na msimamizi akisema msichanganye sasa naitikia kuliko wote. Mila iliyovunjwa siku ile wazee waliitafutia dawa yao, mkono ukapona. Jiko tu ndilo sijarudishiwa. Nikienda ukweni namenya ndizi.