Konzi ya Nane

Harufu ya mchele mkavu unapomwagwa kwenye ungo, ile harufu ya vumbi na gunia, hunirudisha mpaka Palma, kwenye chumba cha uani tulichopewa na shangazi mwaka tuliokimbia vita vya Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji. Tulifika watatu: mama, bibi na mimi. Kaka yangu Athumani alirudi nyuma kumchukua rafiki yake, akasema atatukuta njiani.

Mama alipima mchele kwa mkono, kama alivyofundishwa na bibi. Konzi mbili kwa kila mtu, na mwisho kabisa konzi moja ya mgeni, kwani hujui nani atapiga hodi wali ukiwa umeiva. Kwa watu watatu, konzi saba. Lakini kule Palma, kila jioni, akawa anatia nane. Mchele wenyewe ulikuwa wa kugawiwa na tuliuombea usiishe, naye anapika hadi mwingine unalala chunguni. Iliniudhi, nisiwafiche.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Quelimane, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku moja akaandika ubaoni kanuni mbili: ya kwanza huzidisha kwa mbili, ya pili huongeza moja. Akaziunganisha, jibu la moja likawa ndilo linaloingia kwenye nyingine. Tukaanza na tatu. Ukizidisha ndipo uongeze, unapata saba. Ukiongeza ndipo uzidishe, nane. Nikabisha kwamba kanuni ni zile zile, jibu litabadilikaje?

“Ordem, menina,” akasema kwa Kireno, yaani mpangilio, binti. “Tazama nani ametangulia.”

Nikapiga mbio hadi nyumbani. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

“Mama, nimeligundua kosa lako. Unamwongeza mgeni kabla hujazidisha. Mgeni anakuja mwisho, na yake ni konzi moja tu.”

Hakuinua uso. “Mwambie prufesa wako hapa hakuna mgeni.”

Bibi alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa pindo la leso. Nilidhani ni moshi wa jiko.

Ikaja wiki ya mitihani. Jioni moja mama alitia mbili, mbili, na mbili, halafu mkono wake ukakaa ndani ya gunia muda mrefu. Akatoa konzi moja, akalifunga gunia. Nilifurahi kweli.

“Leo umepatia, mama.”

“Ndiyo, mwanangu. Leo nimepatia.”

Akaniambia nile upesi nikasome.

Nilipomaliza karatasi ya mwisho ndipo shangazi akanikalisha mkekani na kuniambia kuwa Athumani hatakuja. Habari ilikuwa imefika jioni ile ile ya konzi saba. Walinificha ili niandike nimetulia, na hesabu nilifaulu.

Mama hakuwa amekosea hata siku moja. Alimwongeza mwanawe kwanza, awe mtu wa nyumbani kama sisi, ndipo akazidisha. Na muda wote aliokuwa akimngoja yeye, hakuwa na nafasi moyoni ya kungoja mgeni.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha kanuni zile. Huwapa wanafunzi ile tatu, wazidishe ndipo waongeze. Wakiniletea saba, nawaambia wamepatia, kisha nageukia ubao nifute, mpaka uso wangu utulie.