Chumvi na Chumvichumvi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kaka mkubwa wa mke wangu alishuka kwenye bodaboda na kiroba cha unga mweupe. Alitoka Kamsamba, anakolima mpunga. Sisi tuko huku juu Mbozi, kwenye kahawa.

"Chumvichumvi ya bure, shemeji. Jua likiwaka inaota yenyewe shambani, ninyi mnapanga foleni dukani!"

Chumvichumvi ndilo jina letu la mbolea ya dukani. Nilionja ule unga kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mkali, wenye uchungu wa magadi.

"Hii ni chumvi," nikasema.

"Si jina hilohilo? Mpaka litajwe mara mbili ndipo uamini?"

Mke wangu alicheka. Kitalu cha miche ya kahawa kilikuwa chake, na miche ile ndiyo ingemlipia binti yetu ada ya bweni. Hakutaka kumvunja moyo kaka yake. Aliunyunyiza unga ule kwenye viriba vyote, vile vifuko vya miche, isipokuwa kimoja nilichomwomba aniachie.

Siku kadhaa zikapita, majani yakabaki ya kijani, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa kuwa madhara ya chumvi huanzia chini. Nilipasua kile kimoja kisichotiwa unga: nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimeikumbatia mizizi. Ni kuvu wa udongo wa msituni, wanaouletea mche maji na chakula kutoka mahali mizizi isipofika. Nikapasua kingine, kilichonyunyiziwa. Mizizi ilitoka mitupu, udongo ukipukutika kama majivu, hauna hata harufu. Chumvi ilikuwa imewanyonya kuvu maji. Mche ulikuwa haujajua bado.

"Mbona imestawi, baba?" mke wangu aliuliza. Nikampa lenzi. Alitazama, akairudisha, akaenda kuchota maji.

Tulichanganya jasi, unga wa madini unaoing'oa chumvi kwenye udongo, tukamwagilia maji mengi kuisukuma chumvi itoke. Maji yalituama juu. Udongo ulikuwa umejifunga. Tukaongeza mboji, chakula cha kuvu ambao hawakuwepo tena. Ncha za majani zikaanza kuungua, mstari baada ya mstari.

Kaka yake akapiga simu. "Niwaletee kingine?"

"Usilete, kaka. Na huko shambani kwako kukoje?"

"Huku salama tu. Mpunga umenyauka kidogo upande wa chini, na kunyauka kunazidi kupanda juu."

Mke wangu alikata simu, akaendelea kung'oa miche iliyoungua. Muhula ulipofunguliwa, binti yetu alibaki nyumbani. Miche yote ilikauka, na kwa bei ya kitaluni tulipoteza shilingi laki nne na ishirini elfu.