Adventina na Chuma cha Bilele

Siku yangu ya kwanza kazini walikuwepo Kocha Abdalla, mwenye jimu, Yasini, golikipa wa timu ya mtaa, ambaye alikuwa amelala chali akisukuma chuma, baba mdogo Leonsi, aliyetoka Kimwani kwa ajili yangu, mdogo wangu Adventina, akiwa amembeba mgongoni kitinda mimba wetu Koku, mdogo wetu mwingine Novati, aliyekuwa akijaribu kusogeza kopo la saruji kwa mguu, na mimi. Nawataja wote kwa sababu jambo lililoamuliwa mle ndani lilituhusu sisi watoto wanne wa marehemu.

Jimu yenyewe ilikuwa banda la mabati pale Bilele, mjini Bukoba, nyuma ya karakana ya mbao. Hapakuwa na mashine hata moja. Vyuma vilikuwa ekseli za magari mabovu, na uzito wake ulikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande. Kulikuwa na benchi la mbao, kamba za kuruka, na kioo kilichopasuka ambacho wanamichezo waligombea kusimama mbele yake.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki wakipishana kwa muda mfupi. Matanga yalipomalizika, ukoo ulikaa. Mimi ndiye mkubwa, na kwa desturi yetu ndiye niliyekalishwa kwenye kiti cha marehemu kama mrithi, lakini mrithi wa darasa la sita hana sauti. Ikaonekana Novati aende Kimwani kwa baba mdogo, Adventina kwa shangazi, Koku kwa bibi mzaa mama. Kibanja chetu cha Kagondo, migomba na kahawa, kingetunzwa na baba mdogo mpaka nikue. Sikumlaumu. Alikuwa na watoto wake wengi na hakuwa anatafuta mali. Nilichosema ni kwamba nimeacha shule, nimepata kazi mjini, na nitawalisha wadogo zangu palepale nyumbani. Ndiyo maana akaja kuiona hiyo kazi kwa macho yake, nasi tukaongozana naye.

Alimtazama Yasini akipandisha chuma na kukishusha, akipandisha na kukishusha, kisha akamgeukia kocha.

"Waitu mwalimu, huyu kijana anakitoa wapi hicho chuma, na anakipeleka wapi?"

"Hakipeleki popote, mzee wangu."

"Basi tangu asubuhi amefanya nini?"

Yasini alicheka mpaka chuma kikamlalia kifuani, tukakimbilia kumnyanyulia. Kocha Abdalla hakucheka. Alikuwa bondia wa zamani, mzaliwa wa Tanga aliyeoa Bukoba, na alijua kuzungumza na wakubwa. Alimkalisha baba mdogo kwenye benchi, akamweleza kwamba vijana wa mpira, wavuvi, wapagazi wa bandarini na hata askari walikuwa wakija kwake, na alihitaji mtu mwaminifu wa kufungua, kupanga vyuma na kusimama nyuma ya anayeinua. Halafu akasema neno lililotuokoa: "Waache pamoja mpaka kahawa ivunwe. Ukija ukakuta mmoja wao amelala na njaa, wachukue wote, na mimi nitakubebea mizigo yao."

Baba mdogo akakubali. Tangu siku hiyo nilikuwa nafanya kazi nikimwona mlangoni hata siku ambazo hakuwepo.

Ninyi mnaofundisha leo mna simu inayowaambia moyo wa mtu unapigaje. Sisi tuliweka vidole shingoni. Kocha alinifundisha kwanza kupasha mwili, yaani kuuamsha taratibu kabla ya mzigo: mchakamchaka mpaka ufukweni na kurudi, kisha kuzungusha mabega na nyonga. Baada ya hapo ndipo kuchuchumaa na chuma mabegani, zoezi ambalo aliliita mama wa mazoezi yote, kwa sababu miguu ndiyo inayombeba mkimbiaji, mrukaji na hata mrusha ngumi. Alinifundisha kuwa mgongo unyooke, visigino visinyanyuke, na pumzi itoke wakati wa kupanda. Kichurachura, ambacho shuleni tulirushwa kama adhabu, yeye alikitumia kujenga mlipuko, ile nguvu ya ghafla inayomwinua golikipa. Na alisisitiza mapumziko. "Misuli haikui ukiinua," alikuwa akisema, "inakua ukilala. Nenda nyumbani."

Makopo ya zege tuliyatengeneza wenyewe. Msimu ule mzani wa kahawa, ambao tungeuazima, ulikuwa umefungiwa ghalani, kwa hiyo kocha alitundika mti kwenye kenchi la paa, upande mmoja akafunga mkungu wa ndizi za gonja, upande wa pili kopo. Tulijaza zege mpaka mti ukalala sawasawa. Saruji ilitosha kopo moja tu. La pili tukalijaza wiki iliyofuata, tukitumia mkungu uleule, uliokuwa umebaki ukining'inia pale.

Basi kila aliyekiinua chuma kile kipya akaanza kupinda kushoto. Kocha alisema watu wana mkono wa kushoto mvivu. Akawapa pushapu za mkono mmoja, wa kushoto, jioni nzima. Yasini ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Adventina alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Siku moja alimkabidhi Koku kwangu, akaingia chini ya chuma, akakiinua mara moja, akakirudisha.

"Kocha, mikono ya watu haina shida. Upande huu umepungua."

Kocha akamwambia akapike. Yeye akakigeuza chuma, kulia kikawa kushoto, akamwomba ajaribu mwenyewe. Kocha akainua, na safari hii akapinda kulia. Akakishusha, akautazama mkungu uliokuwa bado unaning'inia kwenye kenchi. Ulikuwa na mapengo. Sote tukamgeukia Yasini, ambaye kila alasiri alikuwa hakosekani kwenye jiko la mkaa la fundi mbao.

"Zilikuwa zinaiva," alisema. "Ningeziacha zioze?"

Pushapu zake za siku ile sikuzihesabu. Lakini kocha alikuwa hamtazami tena Yasini. Alikuwa anamtazama binti aliyepandisha chuma cha wanaume bila kupasha mwili, akiwa ametoka Kagondo kwa miguu na mtoto mgongoni. Akamuuliza kama amewahi kurusha tufe. Adventina akasema hajawahi kuliona.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kufundisha mwili kama ule. Maji ya kisima na mikungu ya ndizi vilikuwa vimeshamjengea miguu na kiuno. Sisi tulimwongezea mpangilio tu. Kurusha tufe si kazi ya mkono kama wengi wanavyodhani. Nguvu huanzia kwenye kisigino, ikapanda gotini, ikazunguka kwenye nyonga, na mkono unamalizia tu. Wengine huchukua msimu mzima kuelewa hivyo. Yeye alielewa kabla kocha hajamaliza kusema, kisha akamcheka kwa kurefusha maelezo. Wasichana wa shule walimwita Dume la Kagondo, naye aliwajibu kwamba wakishindwa mizigo yao wamwite. Baba mdogo alirudi baada ya mavuno, akatukuta tumeshiba, akala nasi ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akaondoka bila kumchukua mtu.

Tukaendelea hivyo kwa misimu kadhaa. Kisha mambo mawili yakaja kwa mpigo. Adventina akachaguliwa kuingia kambi ya mkoa, iliyopelekwa Mwanza kujiandaa na mashindano ya taifa. Na mimi nikaitwa Muleba. Afisa Michezo wa wilaya, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya paredi, alitaka mtu wa viungo, wa kuwajenga miili wachezaji wa timu zake, kazi ya kudumu, ya kukaa hukohuko. Jimu ya Bilele ilikuwa imeanza kudorora na Kocha Abdalla alikuwa anaumwa. Kwa hiyo kazi ya Bilele isingetulisha tena.

Baba mdogo alipopata habari alisema kwa upole kwamba nyumba haiwezi kubaki na Novati na Koku peke yao. Mmoja wetu abaki, au watoto waje Kimwani. Niliamua kumkatalia yule Mama Afisa.

Adventina alikuwa jikoni anamenya ndizi nilipomwambia. Hakuacha kumenya.

"Wewe ukiikataa hii, tutakula nini?"

"Nitatafuta nyingine."

"Kaka, hakuna nyingine. Nenda Muleba. Mimi nitaitwa tena mwakani, mikono yangu haiendi popote."

Kocha Abdalla alikuja mwenyewe Kagondo, anakohoa, anaegemea fimbo, kumsihi. Alimwambia mwili una wakati wake, na kwamba waliochagua mwaka huu huenda wasiwe haohao mwakani. Adventina alimpa kiti na uji. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba Koku ana homa, na hakubali kunyweshwa dawa na mtu mwingine ila yeye. Kocha akamaliza uji wake. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Mwakani hakuitwa. Wala mwaka uliofuata.

Muleba ndiko nilikokuwa mtu wa viungo kweli. Mama Afisa alikuwa mkali. Ukichelewa alikuwa anakuuliza kama wilaya nzima ikusubiri, na ulikuwa hujui kama anatania. Alinituma kata kwa kata, na Kimwani nilijifunza somo kubwa kuliko yote. Vijana wa kule walikuwa wakija mazoezini jioni wakiwa wamelima tangu alfajiri, nami nikawapa mzigo uleule wa vijana wa mjini. Wakawa wanapungua kasi kila wiki badala ya kuiongeza. Mama Afisa alikuja, akawatazama viganja, akaniambia, "Hawa wameshafanya mazoezi, wewe unawafanyisha mara ya pili." Tangu hapo kila mwanamichezo nilimuuliza kwanza siku yake ilikuwaje. Kila nilipopata ruhusa nilipanda gari kurudi Kagondo, nikakuta watoto wamefuliwa nguo, wamekwenda shule, migomba imepaliliwa. Novati akawa mwalimu. Koku akawa muuguzi. Ukoo haukuhitaji tena kukaa kwa ajili yetu.

Nilimalizia kazi Bukoba, kwenye jimu mpya yenye mashine na muziki. Meneja wake, kijana mwenye adabu, aliniita Babu Chuma. Siku ya kuniaga waliniuliza ni mwanamichezo gani bora niliyewahi kumfundisha. Nikamtaja Adventina. Wakaulizana kimyakimya, hakuna aliyelijua jina hilo.

Sasa ninakaa Kagondo na wanaonitafuta ni wazee wenzangu, wenye magoti na viuno. Adventina ni mmoja wao. Aliolewa jirani, ni mjane, na goti lake la kulia limechakaa. Kila asubuhi namfanyisha kuketi na kusimama kwenye kiti cha barazani, polepole, bila kujisukuma kwa mikono. Ni kuchuchumaa kulekule kwa zamani, kumepunguziwa mzigo.

"Umefundisha mkoa mzima," alinisema juzi, "mimi zamu yangu imefika goti likiwa bovu."

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu tuwe wazee, anataka nimlipe nini kwa mwaka ule wa Mwanza.

"Nirudishie wenyewe, huohuo mwaka."

Nikamwambia hilo siliwezi.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijawahi kukudai." Kisha akaweka mikono mapajani, akanyoosha mgongo, akanisubiri nihesabu.